Aliwaita Ndugu: Ujumbe wa Ufufuo katika Nchi ya Buhaya



Waandishi wengine wa kitabu hiki wamekwisha kueleza habari za majengo, viwanja, kwaya na watumishi waliotutangulia katika usharika huu. Mimi nimeombwa niandike juu ya ujumbe wenyewe, yaani ule ambao kwa ajili yake majengo yalijengwa na kwaya zikaimba. Kazi hii si nyepesi. Jengo lina mwaka wake wa kuwekewa jiwe la msingi, lakini ujumbe hauna jiwe la msingi linaloonekana. Hupita vinywani mwa watu, na mara nyingine hukwama kooni mwa wahubiri wenyewe. Nitaeleza jinsi ulivyopita katika nchi yetu, na mahali ulipokwama sitapaficha, maana mmoja wa walioukwamisha ni mimi ninayeandika.

Neno la asubuhi ya Pasaka

Katika Injili ya Yohana, sura ya 20, tunasoma kwamba Mariamu Magdalena alisimama kaburini akilia, akamwona Bwana asimtambue, akamdhania kuwa ni mtunza bustani. Bwana akamwita kwa jina lake, naye akamjua. Kisha akamtuma kupeleka habari kwa wanafunzi, na katika kumtuma aliwapa wanafunzi wale jina jipya. Usiku wa karamu ya mwisho aliwaambia kuwa hawaiti tena watumwa bali rafiki. Sasa, akiwa ametoka kaburini, aliwaita ndugu zake.

Tuangalie ni akina nani waliopewa jina hilo. Petro alikuwa amemkana mara tatu mbele ya moto wa makaa. Wengine walitawanyika. Hatusomi kwamba hata mmoja wao alikuwa amekwenda kumwomba msamaha. Toba ya Petro tunaikuta katika sura ya 21, kando ya ziwa, alipoulizwa mara tatu kama anampenda Bwana. Kwa hiyo toba ilifuata, haikutangulia. Waliitwa ndugu wakiwa bado wamejificha nyuma ya milango iliyofungwa.

Kwa watu wa Buhaya neno hili lina uzito kuliko tunavyoweza kudhani leo. Babu zetu walipokutana na mgeni njiani, jambo la kwanza walilouliza lilikuwa ukoo wake. Ukoo ndio uliompa mtu jina, mwiko wake, kibanja chake na watu wa kumtetea. Ukoo ndio uliompa pia mahali pa kulala atakapokufa, kwa maana mtu alizikwa katika kibanja, karibu na nyumba, chini ya migomba iliyowalisha baba zake. Mtu asiye na ukoo hakuwa na pa kuishi wala pa kuzikwa. Kwa sababu hiyo, mhubiri aliyesema mbele ya Wahaya kwamba yupo mmoja aliyetoka kaburini akawaita watu wote ndugu, aligusa kibanja, na aligusa kaburi. Historia ya ujumbe wa Pasaka kwetu ni historia ya neno hilo moja, na ya swali lililolifuata katika kila kizazi: je, wote kweli?

Habari iliyotangulia wamishonari

Mwaka 1890 Emin Pasha, akiwa katika utumishi wa Wajerumani, alianzisha kituo cha Bukoba kando ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1892 Mapadre Weupe, waliotoka katika machafuko ya Buganda, walifika Kashozi, na Kanisa Katoliki likaanza kazi iliyozaa matunda mengi katika nchi hii. Kwa upande wetu wa Kiprotestanti, waliotangulia hawakuwa wamishonari. Walikuwa Wahaya waliokwenda Buganda kwa biashara na kwa kazi, wakajifunza kusoma huko, wakarudi na vitabu mikobani. Biblia nzima ya Kiganda ilikuwa imekamilika mwaka 1896. Basi baba zetu wa imani walisoma habari ya kaburi lililo wazi katika lugha ya jirani, wakaieleza kwa Kihaya jioni kando ya moto. Waliitwa wasomaji, na wengi hawakuwa na mchungaji wa kukaa nao.

Mwaka 1910 alifika Ernst Johanssen wa Misheni ya Betheli. Alikuwa amefanya kazi Usambara tangu 1891, na mwaka 1907 alishiriki kuanzisha kazi nchini Rwanda. Alipofika Bukoba aliwakuta wasomaji wale wakimngojea. Ndiyo maana inatupasa kuwa waangalifu tunapohesabu miaka. Mwaka 1910 ni mwaka wa kufika kwa mmishonari. Neno lilikuwa limefika kabla yake, na lililetwa na miguu ya watu wa nyumbani.

Yafaa pia tujue misheni ile ilikuwa na makao yake wapi. Tangu 1906 makao yake yalikuwa Betheli, karibu na mji wa Bielefeld nchini Ujerumani, mahali palipoanzishwa mwaka 1867 pawe nyumba ya watu wenye kifafa. Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh alipaongoza tangu 1872 hadi alipofariki mwaka ule ule wa 1910. Watu ambao hata jamaa zao waliwaogopa walipewa pale nyumba, kazi na heshima. Wamishonari waliokuja kwetu walikuja chini ya bendera ya ukoloni, wala hawakukosa mapungufu ya wakati wao. Hata hivyo, mti uliowazaa ulikuwa umepandwa katikati ya watu waliokataliwa, na jambo hilo ni sehemu ya urithi wetu.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokatiza kazi ya Betheli, na Vita ya Pili ilipoikatiza tena, wengi walidhani Kanisa lingekufa. Halikufa. Walimu na wainjilisti Wahaya waliendelea kubatiza, kufundisha na kuzika. Katika vita ile ya pili walikuja watumishi kutoka Uswidi, akiwamo Bengt Sundkler aliyefika Bukoba mwaka 1942, ambaye baadaye, mwaka 1961, akawa askofu wa kwanza wa Kanisa letu la Buhaya. Lakini kati ya mmishonari mmoja na mwingine, ni mwinjilisti wa kijijini aliyesimama kando ya kaburi na kusema kwamba mauti haina neno la mwisho.

Omukago na Meza ya Bwana

Wazee wetu walijua tangu zamani kwamba udugu wa ukoo una mipaka, nao walikuwa na njia ya kuivuka. Waliiita omukago. Watu wawili wa koo mbalimbali waliotaka kuwa ndugu walichanjwa karibu na kitovu, damu ya kila mmoja ikapakwa kwenye punje ya kahawa, na mwenzake akaimeza. Kahawa ilichaguliwa kwa sababu tunda moja lina punje mbili zinazolala pamoja, mfano wa watoto wawili wa tumbo moja. Baada ya hapo hawakuweza kunyimana wala kusalitiana, na aliyevunja agano lile aliogopa laana yake.

Wahubiri wa kwanza waliuona omukago kuwa ni upagani tu, wakaukataza. Mimi naamini kwamba pamoja na mambo yasiyofaa yaliyokuwamo, ndani yake mlikuwa na kiu. Watu walijua kwamba hakuna udugu wa kweli na mgeni pasipo damu. Lakini omukago ulifunga watu wawili tu, na kila mmoja alimchagua yule aliyempenda au aliyemfaa. Katika Chakula cha Bwana damu ni ya mmoja, imetolewa kwa wengi, na hatukuchagua tutakayepiga magoti kando yake. Katika nchi ambayo Wahinda walitawala na Wairu wakatawaliwa, ambako mfumo wa nyarubanja ulimfanya mtu kuwa mpangaji katika migomba aliyoipanda babu yake, kikombe kimoja kilichopita kinywa kwa kinywa hakikuwa jambo dogo. Sheria ya nchi iliifuta nyarubanja katika miaka ya 1960. Altareni mpangaji na mwenye ardhi walikuwa wamekwisha kunywa pamoja.

Mtu aliyelitafakari jambo hili kwa kina ni Askofu Josiah Kibira, aliyezaliwa Kashenye mwaka 1925 na kuiongoza dayosisi yetu tangu 1964 hadi 1984. Kitabu chake cha Kiingereza cha mwaka 1974 kinaweka pamoja, katika jina lake, Kanisa, ukoo na dunia. Aliuliza jinsi udugu wa ukoo unavyoweza kutakaswa na kupanuliwa ndani ya Kanisa. Mwaka 1977, huko Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mkutano huo huo ulitamka kwamba kuupinga ubaguzi wa rangi wa kusini mwa Afrika ni jambo la imani yenyewe, kwa maana meza iliyogawanywa kwa rangi inalikana ungamo la Kanisa. Mwaka 1984, kule Budapest, alipokuwa akimaliza kipindi chake, Fungamano liliyasimamisha makanisa mawili ya wazungu wa kusini mwa Afrika ambayo hayakutaka kuachana na mgawanyiko huo. Hivyo swali la Buhaya, la nani aliye ndugu, lilikuwa limefika katika mabaraza ya dunia.

Uamsho, na ukuta mpya

Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1930 na katika miaka ya 1940, Uamsho uliotoka Rwanda na Uganda ulivuka mpaka ukaingia Buhaya. Mama yangu mzazi alikuwa mmoja wa waliookoka, na nyumba yetu ilijaa wimbo wa Tukutendereza asubuhi na jioni. Watu waliungama dhambi zao hadharani, wakarudisha vitu walivyoiba, wakala pamoja na waliokuwa maadui wa koo zao. Mhaya na mzungu walikumbatiana mbele ya watu, jambo lililoshangaza nyakati zile. Neno walilotumia kuitana lilikuwa hilo hilo la asubuhi ya Pasaka: ndugu.

Namshukuru Mungu kwa Uamsho. Bila huo nisingekuwa mchungaji. Lakini kila moto una moshi wake. Polepole neno ndugu lilianza kuwa na uzio. Ndugu alikuwa yule aliyeokoka. Mwingine alikuwa mtu wa kuombewa tu. Wapo waliojitenga na Kanisa, na wapo waliobaki ndani yake wakiwatazama wenzao kwa jicho la hukumu. Hatukutambua kwamba ukuta ule ungekuja kutugharimu siku ambayo kifo kingebisha hodi katika kila nyumba.

Miaka ya Juliana

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa katika Mkoa wetu wa Kagera. Watu hawakuujua ugonjwa huo kwa jina lake. Waliuita Juliana, kwa jina la vitambaa vilivyoletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda, na wengine walisema ni uchawi wa Waganda waliodhulumiwa mali zao. Utafiti wa mwaka 1987 ulionyesha kwamba hapa katika mji wa Bukoba watu wazima wapatao 24 katika kila 100 walikuwa na virusi, yaani karibu mtu mmoja katika kila wanne. Hesabu hiyo ilishuka hadi 18 mwaka 1993 na 13 mwaka 1996. Waliokuwapo hawahitaji hesabu. Wanakumbuka maseremala waliotengeneza majeneza mchana na usiku, na matanga yaliyofupishwa kwa sababu msiba mwingine ulikuwa ukingojea ng'ambo ya migomba.

Nilibarikiwa kuwa mchungaji mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980, baada ya masomo yangu Makumira, nikapangiwa usharika mmoja wa vijijini ambao sitautaja. Wiki chache baada ya Pasaka alifariki kijana mmoja aliyerudi nyumbani kutoka mjini akiwa mifupa mitupu. Hakuwa ameshiriki Meza ya Bwana kwa miaka kadhaa. Wazee wa kanisa walikaa, wakaamua kwamba kengele isipigwe na kwamba mchungaji asivae kanzu. Walisema lazima vijana waone na waogope. Nilikuwa kijana, nilitaka amani na wazee, nami mwenyewe niliuogopa ugonjwa ule. Nilikubali. Nikaenda kwa nguo za kawaida, nikasimama nyuma ya watu, nikaomba maneno machache, nikaondoka.

Bibi yake, aliyemlea, alinifuata hadi njiani. Hakulia wala hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Baba Mchungaji, ile Pasaka uliyotuhubiria juzi, huyu wangu hakuwemo?"

Nilimjibu kwamba tutazungumza siku nyingine. Siku hiyo niliichelewesha kwa miaka minne.

Katika miaka hiyo minne nilizika watu wengi kuliko niliowabatiza watu wazima. Nilizika wake waliokuwa waaminifu kwa waume zao, na watoto wachanga, na nikaona kwamba hoja ya wazee wangu haikusimama hata kwa hesabu ya kibinadamu. Lakini kilichonivunja moyo hasa si hoja. Alikuwapo mama mmoja wa Uamsho, mkali kuliko wote juu ya dhambi, ambaye kila asubuhi alikwenda kumwosha mgonjwa aliyeogopwa na jamaa zake. Nilimkuta siku moja akimwaga maji machafu nyuma ya nyumba. Nikamwuliza kwa nini amejitwika kazi ile. Akanijibu kwa Kihaya, kama mtu aliyeulizwa jambo la kipumbavu, kwamba ni ndugu yake. Nilijua ukoo wa mama yule na nilijua ukoo wa mgonjwa. Haukuwa mmoja.

Wakati huo huo dayosisi yetu ilikuwa imeanzisha Huduma ya Watoto, tunayoijua kwa jina la HUYAWA, kwa ajili ya yatima waliobaki na bibi zao au peke yao katika vibanja. Hospitali yetu ya Ndolage, wilayani Muleba, iliwapokea wagonjwa wakati ambapo dawa ya kupunguza makali haikuwapo; dawa hiyo ilianza kutolewa kwa mpango wa taifa mwaka 2004. Wauguzi walijua kwamba hawawezi kuponya, nao hawakuacha kushika mikono ya wanaokufa. Walihubiri ufufuo vizuri kuliko mimi.

Asubuhi ya Pasaka ya mwaka wa nne, baada ya ibada ya alfajiri, nilivaa kanzu, nikamchukua mwinjilisti na wazee wawili wa kanisa, nikaenda kwa bibi yule. Kaburi lilikuwa safi, maana alilipalilia mwenyewe. Mbele ya wajukuu zake nilimwomba msamaha, na wazee nao wakamwomba. Kisha nikasoma ibada yote ya mazishi, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuacha neno. Tulipomaliza nilidhani kazi imekwisha. Bibi akasema, "Haya, Baba Mchungaji, sasa twende na kwa jirani." Kwa jirani kulikuwa na makaburi mawili yaliyozikwa kimya kama lile. Baada ya hapo tukaitwa kwingine. Tulirudi kanisani saa tisa alasiri.

Siandiki haya ili kuidharau nidhamu ya Kanisa. Dhambi ni dhambi, na upendo wa Mungu kwa watu wote hauifanyi kuwa kitu kingine. Lakini nidhamu imewekwa kwa ajili ya walio hai, ili warudi. Sisi tuliipeleka kaburini, mahali ambapo yupo Mwamuzi mmoja tu, naye alishuka humo mwenyewe. Katika Katekisimo Ndogo Martin Luther anamfundisha kila Mkristo kuungama kwamba Kristo alimkomboa akiwa amepotea na kuhukumiwa. Mtoto wa kipaimara anaungama hivyo juu ya nafsi yake. Mimi nilikuwa nimeungama hivyo nikiwa kijana wa kipaimara, kisha nikamnyima mwingine maneno yale yale.

Ziwa, ardhi na jirani

Mji wetu wa Bukoba, na Bilele ndani yake, ni mahali pa watu mchanganyiko. Hapa Mhaya anapanga chumba karibu na Msukuma na Msubi, na Mkristo anashiriki kisima na Mwislamu. Misiba mikubwa ya mji huu imetufundisha juu ya ndugu mambo ambayo mahubiri hayakufundisha.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyoondoka hapa na kupitia Kemondo, ilizama ikiwa karibu na Mwanza, na watu zaidi ya 800 wakapoteza maisha. Wengi hawakutambuliwa, wakazikwa pamoja Igoma, mbali na vibanja vyao. Kwa Mhaya hakuna jambo zito kama hilo: kuzikwa ugenini, bila ukoo, kando ya mtu usiyemjua. Lakini siku ya ufufuo waliolala Igoma wataitwa kwa majina, kama Mariamu alivyoitwa, na aliyelala kando yao hatakuwa mgeni.

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliangusha nyumba na kuua watu 17 katika mkoa wetu. Usiku ule watu walilala nje wakigawana mablanketi, na hakuna aliyeuliza dhehebu la mwenye blanketi. Na asubuhi ya Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, wakati sharika zikiwa ibadani, ndege iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilianguka ziwani karibu kabisa na uwanja wetu. Watu 19 walifariki na 24 wakaokolewa. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Hawakujua ni nani waliomo ndani. Walipiga makasia.

Karne ya pili

Ndugu zangu, tunapoingia karne ya pili ya usharika huu, tusijipongeze haraka. Mwaka 2024, wilayani Muleba, mtoto mwenye ualbino, wa umri wa miaka miwili tu, alinyang'anywa kutoka kwa mama yake na kuuawa. Jambo hilo lilitokea katika nchi iliyohubiriwa Injili kwa zaidi ya miaka mia moja, katika wilaya yenye makanisa kila kilima. Waliofanya hivyo walimwona mtoto yule kuwa kitu. Hakuna mtu aliyepata kuwaeleza, kwa namna waliyoweza kuiamini, kwamba alikuwa ndugu yao.

Wapo wengine walio nje ya uzio. Bibi kizee anayeitwa mchawi kwa sababu macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jiko. Binti anayesitasita kumleta mtoto wake ubatizoni kwa kuogopa macho ya watu. Mtumishi wa ndani anayebaki kupika ndizi wakati mwajiri wake yuko kanisani. Kila usharika unawajua wa kwake, na kila baraza la wazee linajua ni jina la nani linalotajwa kwa sauti ya chini.

Waliotuletea habari hii hawakuwa na jengo. Walikuwa na kitabu cha lugha ya jirani na miguu ya kutembea. Tukitaka kuwaheshimu, hatuna budi kuipeleka habari mahali ambapo haijaaminika bado, kwanza kwa wale tuliowazika kimya, kisha kwa wale ambao bado tunawahesabu kuwa wageni. Bibi wa usharika ule amekwisha kulala, na amezikwa kando ya mjukuu wake. Mimi nilimzika nikiwa nimevaa kanzu, na kengele ilipigwa. Swali lake ameniachia, nami nawaachia ninyi mtakaosoma kitabu hiki baada yetu.

Bwana aliyefufuka, aliyewaita ndugu wale waliomkimbia, awe pamoja nanyi nyote. Amina.